Mkutubi, Buibui wa Moto na Karani wa Korosho

Natanguliza uamuzi wangu ili mwenye haraka asipotezewe muda: Libriomancer ya Jim C. Hines ni riwaya ya kununua, hata kama nakala utakayoipata imechoka kama yangu. Yangu haina jalada la mbele. Inaanzia kwenye ukurasa wa jina, nao una duara la kikombe cha chai cha mtu aliyeimiliki kabla yangu. Niliinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai karibu na soko kuu hapa Mtwara. Bei zake zinakwenda kwa unene. Chembamba elfu mbili, cha wastani elfu tatu, na vile vinavyoweza kuzuia mlango usibamizwe na upepo, elfu tano. Hiki kiliangukia elfu tatu.

"Dada, hicho cha uchawi," alinionya. "Wengine wanakirudisha."

"Wanakirudisha kwa nini?"

"Hakina picha."

Kitabu kilitoka Marekani mwaka 2012, na ni cha aina ambayo wasomaji wa huko na wa Uingereza wanaipenda mno: fantasia ya mjini. Uchawi wake haukai kwenye falme za kale zenye ngome na wafalme wenye ndevu. Unakaa mtaa wa pili, kati ya kituo cha mafuta na duka la mangi, na wahusika wake wanalipa kodi ya nyumba. Ndani ya aina hiyo kuna tawi dogo ambalo ndilo ninalolisaka siku hizi, la riwaya ambazo nguvu yenyewe inatoka vitabuni na vita vinapiganwa kati ya rafu za maktaba.

Sasa, sisi watu wa Kusini hatuhitaji kushawishiwa kwamba mjini kuna mambo. Mtoto aliyelelewa Mikindani anajua mbuyu gani haupitwi wakati wa magharibi. Wachongaji wa Kimakonde wamechonga mashetani ya kila namna, yenye jicho moja, yenye tumbo wazi, yaliyopandana mabegani, na mgeni ananunua anaweka sebuleni kwake. Magazeti ya udaku yametulisha majini wa kila aina, wanaopanda bodaboda na wanaooa. Kwa hiyo mwandishi akiniambia kuna kiumbe cha ajabu mtaani, namjibu sawa, endelea. Hilo peke yake halinitoi elfu tatu mfukoni.

Kilichonitoa ni kazi ya shujaa. Shujaa ni mkutubi. Si mganga, si askari, si mtoto wa mfalme aliyefichwa kijijini. Ni mtu wa dawati, anayejua kitu gani kimewekwa wapi na nani amekichukua. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, huko njia ya Nanyamba. Msimu wa korosho ukifunguka maisha yangu ni mizani, magunia, daftari la wakulima na kalamu inayokauka saa mbaya. Katika hadithi zote nilizosimuliwa utotoni sijapata kumwona karani akiokoa mtu. Karani kwenye hadithi zetu ama anakula rushwa ama anasinzia. Humu anaokoa dunia, na anaiokoa kwa sababu amesoma na anakumbuka alichosoma kiko ukurasa gani.

Isaac Vainio anafanya kazi kwenye maktaba ya mji mdogo uitwao Copper River, kaskazini mwa jimbo la Michigan, kwenye misitu na baridi. Mwandishi mwenyewe ni mtu wa Michigan, na inaonekana: barabara, maziwa na ukimya wa miji midogo vimeandikwa na mtu aliyevizoea. Isaac ni mwanachama wa chama cha siri cha wachawi wa vitabu, lakini amefungiwa. Aliwahi kuvuka mpaka kazini, wakubwa wakamtoa uwanjani na kumweka nyuma ya dawati aorodheshe vitabu. Kipaji chake ni hiki: anafungua kitabu, anakazia macho mstari fulani, anaingiza mkono ndani ya ukurasa kama anayeutia kwenye mtungi, na kutoa kilichoandikwa humo. Bunduki ya miale. Upanga. Dawa ya kumfanya mtu aseme kweli. Kurasa za mwanzo tu, wanyonya damu watatu wanamfuata pale pale maktabani, naye anajitetea kwa alichonacho karibu, yaani riwaya za kuazima.

Wanyonya damu hao nao wana asili yao. Wako wa makabila tofauti kwa sababu wametoka kwenye vitabu tofauti. Mtu aliingiza mkono kwenye riwaya asiyopaswa kuigusa, akarudi na maradhi ya humo. Wa kitabu kimoja wanaungua juani, wa kingine wanametameta. Isaac lazima akumbuke aliyesimama mbele yake ametoka kwa mwandishi yupi ndipo ajue wa kuuliwa kwa mti na wa kutorokwa. Nilicheka kwa sauti kwenye daladala. Ni kama mtihani wa fasihi ambao ukifeli unanyonywa.

Sheria za uchawi wake ndizo zilizonifanya nisilale mapema. Ya kwanza: kitu lazima kipite kwenye ukurasa. Kitabu kidogo, kitu kidogo. Hapo nikamfikiria yule dinosaria, mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, wetu wa Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi pwani, na leo imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wengine tumekuwa tukidai arudishwe. Kwa sheria za Hines hata tukiwa na kitabu chake hatutamtoa, labda jino.

Ya pili ndiyo roho ya kitabu. Nguvu haitoki kwa mwandishi. Inatoka kwa wasomaji. Kila aliyesoma na kuamini kwa muda ule wa kusoma ameacha kitu humo, na wakiwa wengi vya kutosha wanaosoma maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, imani zao zinajikusanya, na mwenye kipaji anaweza kuzichota. Ndiyo maana mwanzilishi wa chama hicho ni Johannes Gutenberg, yule Mjerumani wa Mainz aliyechapa Biblia kwa herufi za chuma katikati ya miaka ya 1450. Kabla yake vitabu vilinakiliwa kwa mkono, kila nakala na makosa yake, imani ikatawanyika. Mtambo wake ukatoa nakala zinazofanana. Historia inasema Gutenberg alifariki 1468. Riwaya inasema hakufa, yupo, ana madaraka, na sasa hajulikani alipo. Kumtafuta ndiyo safari yenyewe.

Wazo hilo watu wa korosho tunalielewa haraka kuliko profesa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwetu, mnunuzi anashindania mnadani tani ambazo hajaona hata punje yake. Anayo karatasi. Karatasi inasema kwenye ghala fulani kuna mzigo wa daraja fulani, uzito fulani. Akilipa, anaingiza ile karatasi dirishani na upande wa pili zinatoka korosho. Inafanya kazi kwa sababu mkulima, chama, mwenye ghala, benki na mnunuzi wote wanaamini maandishi yale yale. Siku mmoja akiacha kuamini, akadai uzito umepunguzwa, karatasi inabaki karatasi na mkutano wa chama unakesha. Isaac angeajirika hapa bila usaili.

Lakini sheria hiyo hiyo iligusa mahali ambapo sidhani mwandishi alikusudia. Kusini tuna historia yetu ya imani ya watu wengi. Julai 1905, huko Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, Kilwa ya leo, watu waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, na watu wa makabila ambayo jana yake hayakuwa yakielewana wakaamini kwa pamoja kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kama imani ya wengi ingekuwa inatoa vitu ukurasani, ingeanzia hapo. Risasi hazikugeuka. Hadi 1907 vita vilikuwa vimezimwa, na njaa iliyofuata ikamaliza wengi kuliko bunduki.

Mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyatunga yale kwa utenzi, na utenzi wake ukaja kuchapwa mwaka 1933. Fikiria sasa kwa sheria za Hines. Ukiwa nakala moja ya mkono, kwa hati ya Kiarabu, hauna nguvu. Ukishapita mtamboni unaanza kukusanya. Nani angethubutu kuingiza mkono humo, na angetoka na nini? Niliiweka riwaya pembeni siku kadhaa kwa ajili ya swali hilo. Hines anaichukulia imani kama umeme, safi, unaotozwa kwa uniti. Isaac ni mtu mwenye furaha. Kila akitoa kitu kitabuni anafurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Ninampenda kwa furaha hiyo, na pia inanichosha. Mtu aliyezaliwa huku angeiandika sheria ile ile kwa mkono mzito zaidi.

Haki yake nimpe, gharama ameziweka. Ukikitumia kitabu kupita kiasi kurasa zinaungua kutoka ndani, na mchawi asiyejua kuacha anaanza kusikia wahusika wakizungumza kichwani mwake hadi asijue yeye ni nani. Vitabu vyenye vitu vya hatari kubwa vimefungwa kwa uchawi visifunguke kwa mkono wa mtu. Hiyo ya kufunga vitabu nimeipenda kwa sababu zangu za kazini: kila mfumo unahitaji mtu mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ndiye wa kuchungwa.

Buibui lazima nimtaje. Anaitwa Smudge, anasafiri na Isaac ndani ya kizimba kidogo, na hatari ikikaribia anawaka moto mgongoni. Basi. Hasemi, hafundishi, hana siri ya ukoo. Alianzia kwenye riwaya za awali za Hines mwenyewe, kwa hiyo mwandishi amefanya kile anachofanya Isaac, ameingiza mkono kwenye kitabu chake akatoka na mnyama. Ni mhusika bora kuliko nusu ya binadamu waliomo.

Udhaifu sasa. Wa kwanza ni kwamba kitabu kinadhani umesoma kila kitu ambacho kijana mpenda vitabu wa Marekani alisoma. Silaha zinatoka kwenye riwaya za sayansi ambazo hazijawahi kulala juu ya turubai la soko kuu. Mara nyingine utani unakupita juu ya kichwa na unabaki kujua tu kwamba mtu kacheka. Kiingereza chenyewe hakisumbui. Aliyemaliza kidato cha nne na akazoea kusoma ataenda nacho, sentensi ni fupi na vita vinaeleweka. Katikati kuna sura za kuzunguka na gari kutoka mji hadi mji ambazo ningezikata bila huruma.

Wa pili ni Lena, na huyu ni mgumu zaidi. Lena ni mwanamke wa mti, uhai wake umeungana na mwaloni, anapigana vizuri kuliko Isaac. Ila ametoka kwenye riwaya ya bei rahisi iliyoandikwa kwa ajili ya matamanio ya wanaume, na ameumbwa awe vile mpenzi wake anavyotaka awe. Nilipofika hapo nilijiandaa kukitupa. Hines hakukwepa. Anamfanya Lena aujue mkosi wake, auzungumze, na atafute njia ya kujitwalia nafasi ndani ya kuta hizo. Njia anayoipata inahusu wapenzi wawili, Isaac na daktari wa kike aitwaye Nidhi Shah, na najua wasomaji wengi wa huku watakunja uso. Mimi nilichokiona ni mwanamke anayetumia kifungu cha mkataba mbovu kujikomboa, na hiyo nimeiona kwenye vikao vya chama mara nyingi.

Bibi yangu wa Mikindani alitaka kujua ninachosoma nikicheka peke yangu barazani. Nikamsimulia.

"Huyo anayetoa vitu kitabuni ni mganga au ana jini?"

"Ni mkutubi, bibi. Anatunza maktaba."

"Analipwa?"

"Analipwa mshahara."

"Na vitu anavyotoa, anavirudisha?"

Nikamwambia ndiyo, ni sheria, kila kilichotolewa lazima kirudishwe kitabuni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi huyo si mchawi, mjukuu wangu. Mchawi harudishi."

Nimekuwa nikicheza mchezo wa kujiuliza kitabu gani cha Kiswahili kingekuwa na nguvu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, imesomwa na vizazi, lakini ni nchi nzima inayoelea hewani, haipiti ukurasani. Adili na Nduguze ungetoka na mjeledi, ule wa kuwachapia Hasidi na Mwivu waliogeuzwa manyani, na sijui nani anauhitaji. Kwa idadi ya macho, pengine Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ingeshinda, maana shule baada ya shule imeifundisha. Ila hapo sheria ya Hines inanipa shida. Watoto wetu wengi hawasomi riwaya ile, wanaikariri. Wanajua dhamira tano na matumizi ya lugha kabla hawajajua kama Peter na Zita walikula siku hiyo. Nahofia ukiingiza mkono humo utatoka na swali la insha: jadili kwa hoja tatu, kila hoja mifano miwili.

Hili ndilo naona riwaya hizi za maktaba zinatupa ambacho hatuna, na wala si uchawi. Ni picha ya maktaba kama mahali pa kwenda kusoma kitu ambacho hukutumwa. Maktaba nyingi za umma nilizoingia, watu wanakuja na madaftari yao, wanatumia meza na feni, wanaondoka. Rafu zimekaa nyuma yao kama ukuta. Ukimwona mtu amesimama mbele ya rafu akichagua, ujue ni mgeni au ni mtoto. Isaac anavijua vitabu vya rafu zake kwa harufu. Koti lake lina mifuko ya ndani iliyoshonwa kwa ajili ya vitabu. Baada ya kusoma hilo nilimpelekea fundi cherehani wangu wa Chuno koti langu la mvua aniongezee mfuko wa ndani, akauliza ni wa simu au wa pesa. Umekaa vizuri, ila ukitia kitabu kinene koti linaelemea kushoto.

Kwa atakayenunua: nakala za karatasi huku ni bahati ya turubai, zikija zinakuja na marobota. Nakala laini unaweza kuinunua mtandaoni ukiwa na kadi ya benki inayokubali. Ziko pia zile zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp bila mwandishi kuambulia senti. Mimi sizigusi, na si kwa utakatifu, ni kwamba karani anayehesabu jasho la wakulima hawezi kushika kitabu cha wizi usiku. Kama unataka kitu cha tawi hili hili chenye mwendo wa kijasusi zaidi, mtafute Genevieve Cogman na riwaya yake ya The Invisible Library, ambayo wakutubi wake wanatumwa kwenye dunia mbalimbali kwenda kuiba vitabu. Ni nyepesi na ina nidhamu ya mwendo kuliko hii. Haina buibui.

Alama yangu ni nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sura za kwenye gari.

Libriomancer ni ya kwanza kati ya nne. Zinazofuata ni Codex Born, Unbound na Revisionary, na sijaona hata moja hapa mjini, wala kijana wa turubai hajapata kuzisikia. Mwenye nayo yoyote, Mtwara, Lindi au Masasi, tubadilishane. Nina rafu ndogo ya riwaya za upelelezi zenye majalada kamili. Ila tuwahi kabla ya Oktoba. Mnada ukianza sisomi kitu kisicho na muhuri.